Kompyuta kuukuu, jaribu kabla ya kutupa

Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, wazazi wengi wenye kompyuta zisizokubali Windows 11 waliambiwa wanunue nyingine. Baba mmoja, ada za shule zikimkabili, aliamua kujaribu Linux Mint, mfumo wa bure. Binti yake aliupakia kwenye flashi, wakawasha kompyuta kupitia flashi hiyo bila kugusa kilichomo ndani. Wi-Fi ikashika, insha ya shule ikafunguka kwa LibreOffice.

Walipotaka kuuweka moja kwa moja, mama akawazuia. "Na picha za marehemu bibi yenu, mmezihifadhi wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Wakati wa kuuweka, mtu huchagua: mfumo mpya ukae pamoja na Windows, au diski yote ifutwe. Akikosea hapo, picha zimekwenda. Siku hiyo hawakuuweka. Walinakili picha kwenye diski ya nje, wakazifungua moja moja kuhakikisha.

Linux Mint hupakuliwa bure hata mara kumi. Picha za bibi hazipigwi tena.