Mechi Moja Edgbaston

Birmingham, mwezi Juni

Kaka yangu mpendwa,

Nakuandikia mapema kuliko nilivyoahidi kwa sababu jana nilifika uwanja wa kriketi wa Edgbaston, na najua hutanisamehe ukisikia habari zake kwa mtu mwingine kwanza.

Uwanja uko kusini mwa katikati ya jiji, mkabala na bustani kubwa ya Cannon Hill, na mto Rea unapita karibu. Hapa ndipo Brian Lara alipopiga mikimbio 501 mwaka 1994 bila kutolewa, na wapenzi wa kriketi wa mji huu hawachoki kulisimulia jambo hilo. Mimi nilikwenda kwa ajili ya siku nyingine, tarehe 7 Juni 1975.

Siku hiyo lilianza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi kwa wanaume. Timu zilikuwa nane, mechi nne zikachezwa kwa wakati mmoja katika viwanja vinne vya Uingereza, na Edgbaston ikapewa New Zealand na Afrika Mashariki. Ndiyo, Kaka, timu yetu: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha mmoja, Harilal Shah. Walikuwa wachezaji wa ridhaa. Glenn Turner aliwachapa mikimbio 171 na hakutolewa hadi mwisho, na New Zealand wakafikisha 309. Sisi tukajibu kwa 128. Wanaotaja matokeo hayo huishia hapo. Mimi nataka uongeze hili: vijana wetu walisimama ova zote 60, wakapoteza wiketi 8 tu, na Frasat Ali akapata mikimbio 45 mbele ya warushaji wa nchi iliyokuwa ikicheza Testi, zile mechi za kimataifa za siku kadhaa, tangu mwaka 1930.

Miongoni mwa warushaji wetu alikuwamo John Nagenda wa Uganda, mwenye miaka 37, umri ambao warushaji wengi wa mipira ya kasi huwa wamekwisha kustaafu. Alipata wiketi moja na kutoa mikimbio 50. Mechi mbili zilizofuata, dhidi ya India na England, hakupangwa, na hakucheza tena mechi ya kimataifa ya ngazi hiyo. Katika vitabu vya takwimu, habari zake zote ni mstari mmoja.

Nilikaa kwenye benchi pale Cannon Hill nikiuwazia mstari ule. Nagenda alizaliwa Gahini, Rwanda, mahali ambapo baba yake, William Nagenda, alikuwa mmoja wa viongozi wa uamsho wa kilokole ulioenea Afrika Mashariki nzima. Yeye mwenyewe akawa mwandishi. Riwaya yake, The Seasons of Thomas Tebo, ilitoka mwaka 1986, na mwaka huohuo akawa mjumbe wa tume ya Jaji Oder iliyochunguza mauaji na mateso yaliyowapata Waganda chini ya tawala zilizopita. Baadaye alikuwa mshauri wa Rais Museveni, na safu zake katika gazeti la New Vision ziliwapendeza wengi na kuwakera wengi. Alifariki Machi 2023. Mtu wa namna hiyo siwezi kumhesabu kuwa mchezaji aliyeshindwa. Alipewa siku moja, akaitumia, kisha akaendelea na maisha yake makubwa.

Lakini si kila aliyecheza mechi moja alitoka salama, na uwanja huuhuu ni shahidi. Tarehe 14 Juni 1984 England walikuwa wanaanza Testi dhidi ya West Indies, na mmoja wa wapigaji wafunguzi wao alikuwa Andy Lloyd, mchezaji wa Warwickshire, yaani mwenyeji kabisa. Ndiyo Testi yake ya kwanza, na mbele ya watu wake. Wenzake wawili walitoka bila mkimbio hata mmoja. Yeye akasimama kama nusu saa, akapata mikimbio 10. Kisha Malcolm Marshall akarusha mpira uliodunda ukapanda, Lloyd akajaribu kuukwepa, ukampiga kichwani. Kofia ngumu alikuwa ameivaa. Alipelekwa hospitali akalazwa siku kadhaa, macho yakawa hayaoni sawasawa, na msimu wake ukaishia hapo. England walifungwa mechi hiyo, na zote nne zilizofuata katika mfululizo ule. Lloyd alirudi Warwickshire, akawa nahodha, na mwaka 1989 akaiongoza kutwaa kombe la NatWest. Testi nyingine hakuitwa. Kwa hiyo yeye ni mfunguzi ambaye hakuna mrushaji aliyewahi kumtoa katika Testi, na ningempenda zaidi angekuwa ametolewa mara hamsini huku macho yake yakiwa mazima.

Wa tatu hakucheza hapa, ila siwezi kumwacha. Andy Ganteaume wa Trinidad aliingizwa katika timu ya West Indies mwaka 1948 dhidi ya England, mjini Port of Spain, kwa sababu Jeff Stollmeyer alikuwa ameumia. Alipiga 112. Katikati ya mchezo nahodha alituma ujumbe kuwataka wapigaji waongeze kasi. Mechi iliyofuata hakupangwa, wala hakupangwa tena maisha yake yote, ingawa mwaka 1957 alichukuliwa katika ziara ya Uingereza. Alipiga mara moja tu, kwa hiyo wastani wake ni 112, juu ya 99.94 za Don Bradman. Wengine hulisimulia hilo kama kichekesho cha hesabu. Mimi linanichoma. Kijana anafungua mchezo kwa nchi yake, anavuka mia, halafu wakubwa wanaamua kwamba yatosha! Alikuja kuandika kitabu kueleza upande wake, akiwa mzee, na nadhani alikuwa na haki ya kufanya hivyo hata kama zilipita karibu miaka sitini.

Ndiyo maana sipendi kuwaona watu hawa wakiwekwa fungu moja. Nagenda alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye mambo yake, Lloyd alipigwa na mpira, na Ganteaume alikatwa na uamuzi wa watu waliokuwa mezani. Anayesoma idadi ya mechi peke yake atawaona sawa.

Sasa nina ombi. Wale wa 1975 wanaendelea kupungua. Don Pringle, aliyecheza kutoka Kenya, alifariki kwa ajali ya gari mwaka huohuo, kabla simulizi halijapoa. Wewe unakwenda Gymkhana jioni, na wazee wa kriketi wa Dar unawajua kwa majina. Tafadhali kaa nao, washa simu urekodi, uwaulize mazoezi yalikuwaje, nani alilipa nauli, nani aliachwa nyumbani ingawa alistahili. Ukisafiri kwenda Kampala, pita Lugogo ufanye vivyo hivyo. Anza na waliocheza mara moja, hao ndio wasioulizwa. Nitumie kila utakachopata, hata kama ni dakika tano tu, nami nitakaa nikiyaandika huku.

Wasalimie mama na watoto.

Mdogo wako