Meza Ndani ya Makumbusho

Katika miaka ya 1980, msafiri kutoka Afrika Mashariki aliyezuru majumba ya makumbusho ya Ulaya aliuchukulia mgahawa wa humo kuwa kituo cha kupumzisha miguu na si zaidi. Mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa na mtazamo huohuo, tena akauongezea hesabu: kila kikombe cha chai kiligeuzwa kwanza kuwa shilingi za nyumbani, na jumla ilipotisha, mkate uliofungwa mkobani uliliwa nje kwenye ngazi, pamoja na njiwa. Neno mgahawa lenyewe, ambalo lina shina moja na kahawa, lilimkumbusha kahawa chungu inywewayo barazani kwa kikombe kidogo na kipande cha kashata, na kwa mazoea hayo ilikuwa vigumu kuamini kwamba mahali pa kunywea panaweza kuwa na historia inayostahili kusomwa sawa na ile ya sanamu zilizo ghorofani.

Historia hiyo inaanzia London. Makumbusho ya South Kensington, yanayojulikana leo kama Victoria and Albert, yalifunguliwa katika eneo hilo mwaka 1857 chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Henry Cole, na ndiyo yanayotambuliwa kuwa ya kwanza duniani kuwapa wageni mahali pa kula. Eneo hilo lilikuwa bado pembezoni mwa jiji, hivyo aliyefika alihitaji kutuliza njaa kabla ya kurudi kwake. Tena Cole alikuwa ameweka taa za gesi ili milango ibaki wazi jioni, saa ambayo wafanyakazi wametoka kazini, kwa matumaini kwamba mtu aliyezoea kwenda kulewa angepata pengine pa kumalizia siku. Vyumba vitatu vya kulia vilivyojengwa kuanzia miaka ya 1860 vilipambwa na James Gamble, Edward Poynter na kampuni ya William Morris, ambayo ilikuwa bado changa. Kuta na nguzo za chumba cha Gamble zilifunikwa kwa vigae vya majolika, yaani udongo uliochomwa na kupakwa rangi zing'aazo, si kwa ajili ya urembo peke yake bali kwa kuwa vigae havishiki moto na huoshwa upesi, jambo ambalo mama lishe yeyote angelielewa bila kufafanuliwa. Vigae vya buluu vya chumba cha Poynter vilichorwa na wanafunzi wa kike wa shule ya sanaa, na jiko la kuchomea nyama lilikuwa mlemle chumbani, mbele ya macho ya walaji.

Hata hivyo, neema hiyo haikugawanywa sawa. Orodha za vyakula zilipangwa kwa madaraja, kama mabehewa ya treni za zama hizo: daraja la kwanza, la pili, na huduma ya daraja la tatu kwa mafundi na vibarua. Mwandishi alipokuja kuyasoma hayo, miaka mingi baada ya ule mkate wa kwenye ngazi, aliutambua kuwa nao ulikuwa daraja la tatu, ila tu hapakuwa na aliyelitangaza.

Mwaka 1988 makumbusho hayohayo yalizua ubishi kwa tangazo la mzaha lililousifia mgahawa kwanza, kisha likayataja makumbusho kana kwamba ni kiambatisho chake. Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Mjini Paris, katika Makumbusho ya Orsay, ambayo ni stesheni ya reli ya mwaka 1900 iliyogeuzwa kuwa makumbusho mwaka 1986, wageni hula katika ukumbi wa hoteli ya zamani ya stesheni hiyo, chini ya dari lililochorwa. Na Doha, Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu yaliyofunguliwa mwaka 2008 yalipata baadaye, katika ghorofa ya juu, mkahawa wa mpishi Mfaransa Alain Ducasse.

Mageuzi makubwa zaidi yalitokea Washington, kwa kuwa huko chakula chenyewe kiligeuka kuwa kitu cha maonyesho. Makumbusho ya Taifa ya Wahindi wa Marekani yalipofunguliwa mwaka 2004, mgahawa wake uliitwa Mitsitam, neno la wenyeji wa sehemu hizo lenye maana ya "tule", na vyakula vikapangwa kwa kanda za asili za Amerika badala ya madaraja ya walaji. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, trei ya hapo ni somo la unyenyekevu: mahindi, maharage, nyanya, muhogo na pilipili ya kuwasha, yaani takriban chakula chote cha mchana cha Tanga au Kisumu, asili yake ni huko.

Safari ya kinyume inaonekana katika Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Mgahawa wake, Sweet Home, umepakua kunde na bamia, mazao yaliyotoka Afrika, na pia gambo, mchuzi mzito ambao jina lake linahusishwa na neno la Kibantu lenye maana ya bamia. Ukutani ipo picha kubwa ya wanafunzi weusi wa Greensboro, ambao tarehe 1 Februari 1960 wanne wa kwanza wao waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, duka lililopokea fedha zao kwa bidhaa nyingine lakini likakataa kuwapakulia, nao wakabaki wameketi. Mbele ya picha hiyo mwandishi alijikuta akigeuza tena bei kuwa shilingi, kwani katika migahawa ya namna hii madaraja ya Cole yamefutwa kwenye karatasi na kubaki kwenye pochi. Safari hii, lakini, alikaa akala.

Ng'ambo ya barabara, katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, imehifadhiwa sehemu ya kaunta yenyewe ya Greensboro, pamoja na viti vyake vinne. Hakuna anayekula hapo.