"Ka!" Halafu kimya...

Kama kwenu kuna gari inayolisha watu, basi leo tuelewane, maana kuna sauti moja fupi inayotoa jasho kuliko hodi ya mwenye nyumba tarehe moja asubuhi. Gari imetoka kubadilishwa injini, mnazungusha ufunguo, inasema "ka!" mara moja, halafu kimya. Fundi anakuna kichwa. Ninyi mnapiga hesabu ya mshiko uliokwisha kutoka.

Kaka yangu ana Corolla 100 ya otomatiki, anaifanyia teksi. Hiyo ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo ada ya mwanawe, ndiyo dawa za presha za mama. Ile injini yake, 5A-FE ya sisi 1,500, ilianza kunywa oili kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Ikaamuliwa itafutwe 4A-FE ya sisi 1,600, mtumba wa Japani, pale Shauri Moyo. Hizo ni injini za ukoo mmoja, zinaingiliana vizuri. Hela zilitoka kwenye upatu wa wifi yangu, tena zamu yake ilikuwa imefika baada ya kusubiri muda mrefu. Muuzaji akatoa garantii ya siku saba, lakini akazipaka rangi bolti za injini: ukiifungua, rangi ikikatika, garantii imekwenda na maji.

Siku ya tano, Ijumaa jioni, "ka!" ikasikika. Fundi hakuchukua hata dakika kumi kutoa hukumu.

"Bosi, umeuziwa mzoga. Injini imejam hii. Tuifungue tuone, ikishindikana kuna jamaa yangu anayo nyingine."

Jamani! Tuifungue, na rangi ya watu je? Nikamwambia, fundi, kwanza tuiulize gari yenyewe. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Dada, wewe kaa kivulini, nitakuagizia soda."

Soda nilikunywa, ilikuwa ya baridi kabisa. Lakini kijiwe kile kile kina mzee mmoja fundi umeme, mtu wa maneno machache, anakaa ng'ambo ya barabara na testa yake mfukoni. Nikavuka kwenda kumwamkia.

Mzee alikuja, hakugusa spana. Alisema washa taa kubwa, halafu mtu azungushe ufunguo huku yeye anazitazama. Hapo ndipo penye siri yenyewe, na ningependa uishike. Taa zikififia mpaka kuwa njano au kuzimika kabisa, ama betri haina nguvu, au selfu inavuta umeme mwingi kwa sababu kuna kitu kigumu kinachogoma kuzunguka. Hapo ndipo uanze kuogopa jamu. Taa zikibaki vilevile, nyeupe pee, maana yake umeme mkubwa haujaifikia selfu au haupati njia ya kurudi. Taa zetu zilibaki nyeupe.

Mzee akaingiza mkono kwenye injini, akagusa kebo ya aksileta. Akautoa haraka. Kebo ilikuwa ya moto!

Sasa wewe uliyesoma fizikia ya sekondari, hata kama ulipata F, kumbuka sakiti: umeme ukitoka lazima urudi ulikotoka. Selfu inataka zaidi ya ampea 100 kuzungusha injini, na zote hizo zinarudi kwenye hasi ya betri kwa kupitia waya mnene wa athi unaofungwa kwenye injini. Injini imekaa juu ya maunti za raba, raba haipitishi umeme. Waya huo usipokuwepo, umeme unahangaika kutafuta uchochoro, unapita kwenye kikebo chembamba cha aksileta, kinachemka, na selfu inaambulia kusema "ka!" basi. Taa zenyewe zina athi yao kwenye bodi, kwa hiyo zinawaka kama harusini na kukudanganya kuwa umeme upo safi.

Akaomba waya moja ya kubustia. Ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye chuma kisicho na rangi cha injini. "Zungusha." Injini ikazunguka! Ikakohoa, ikawaka kwa mara ya pili, moshi kidogo, halafu ikatulia. Kaka yangu alikaa chini kwenye tairi, hakusema neno.

Athi ilikuwa wapi? Kumbe ilibaki kwenye injini ya zamani, nayo fundi alikwisha kuiuza kwa watu wa chuma chakavu bila kumwambia mtu. Hapo wifi akavua kandambili zake, nami hilo siliandiki gazetini.

Je, ingekuwa si athi? Mzee alinipa darasa huku anafunga waya mpya. Ikiwa kimya kabisa, hata "ka!" hakuna, na gari ni otomatiki, jaribu kuwashia kwenye N badala ya P, swichi ya gia ikikaa vibaya selfu haipati amri. Angalia pia ule waya mdogo wa selfu, huwa unasahaulika. Ukihofia jamu, toa betri, toa plagi zote, chukua spana ya boksi uzungushe puli ya krenki kwa mkono kuelekea kulia. Ikizunguka raundi mbili kamili, injini haijajam, mtu asikutishe. Yakiruka maji kwenye matundu ya plagi, basi huenda injini ililala mvuani, ndiyo maana ilikuwa inagoma. Plagi zimetoka na bado imekaza? Legeza bolti za giaboksi. Ikianza kuzunguka, toki konveta haikukaa mahali pake wakati wa kufunga, na hiyo ni balaa, maana fundi anayeivuta kwa nguvu za bolti anavunja pampu ya oili ya giaboksi. Konveta inatakiwa izunguke kwa mkono kabla bolti hazijakazwa.

Yote hayo yanafanyika bila kugusa bolti moja yenye rangi.

Fundi wetu alidai ufundi wake kamili. Kaka alitaka kumpa yaishe, ni mpole mno yule. Wifi akakataa, akakata bei ya waya, bei ya mzee, na bei ya injini kuukuu kwa kilo za chuma. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi, fundi akakubali.

Gari imerudi barabarani. Kilichobaki ni kadi, kwa sababu namba ya injini iliyoandikwa mle ni ya ile iliyokwenda chuma chakavu, na kaka lazima aende TRA kurekebisha. Risiti ya muuzaji anayo wifi. Ameifungia kwenye kanga, na anasema haitoki mpaka hela yake ya upatu irudi.