Umbo Lisilo na Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali tamu, na mafundi wengi wamejiliwaza kwayo ilhali kazi zao zimelala vumbini bila ya mnunuzi. Hata hivyo, historia ya ala za muziki haiikubali methali hii kwa wepesi. Lipo gitaa moja la umeme, liitwalo Stratocaster, ambalo mtoto akiombwa achore gitaa huenda akalichora hilo pasi na kulijua jina lake: kiwiliwili chenye pembe mbili, kiuno kilichobanwa, na kingo zilizolainishwa mithili ya jiwe lililosuguliwa na mawimbi. Gitaa hilo lilitoka mwaka 1954. Halikujiuza. Liliuzwa na watu ambao fundi wake hakuwatazamia, kwa matumizi ambayo hakuyakusudia, na wakati mwingine kwa ufa ambao yeye mwenyewe hakujua kuwa ameuacha.

Fundi huyo ni Leo Fender, aliyezaliwa mwaka 1909 huko California, katika familia ya wakulima wa michungwa. Alipoteza jicho moja utotoni. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, na wanamuziki wa maeneo yale wakawa wanampelekea vipaza sauti vyao vilivyoharibika. Hapo ndipo alipoingia katika muziki, kwa mlango wa nyuma, mkononi ana chuma cha kulehemu. Ajabu ni kwamba hakujua kupiga gitaa maisha yake yote. Hata kulikaza nyuzi zikapatana hakuweza. Ni kama fundi wa majahazi asiyepata kutweka tanga. Lakini kutojua kwake kulimfunza adabu moja ambayo wajuzi wengi huikosa: alisikiliza. Mwanamuziki akilalamika, Leo hakumjibu kwa hoja. Alirudi mezani kwake akachukua kalamu na bisibisi.

Gitaa lake la kwanza kupata sifa, ambalo tangu mwaka 1951 liliitwa Telecaster, lilikuwa ubao mzito usio na uwazi ndani. Magitaa ya kale yenye tumbo tupu yalikuwa yakipiga mayowe pindi sauti ya spika inapoyarudia. Ubao mtupu ulikata mayowe hayo. Ila ubao ule ulikuwa na kingo kali. Mpiga gitaa mmoja, Bill Carson, aliyekuwa akipiga muziki wa Western swing, alilalamika kwamba kingo zinamchoma mbavuni. Kutokana na malalamiko ya wapigaji kama yeye, gitaa jipya lilichongwa kwa kufuata mwili wa binadamu: nyuma likabonyezwa mahali pa mbavu, mbele likatelemshwa mahali pa kuegesha mkono.

Aliyelichora umbo hilo ni Freddie Tavares, na hapa wapenzi wa visiwa wana la kujivunia. Tavares alikuwa mtu wa Maui, katika visiwa vya Hawaii, na alikuwa bingwa wa gitaa la chuma, lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha pande la chuma juu ya nyuzi. Si ajabu kwamba mtu wa kisiwa ndiye aliyeshika penseli. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Marekani nzima ilipumbazwa na muziki wa Hawaii, na gitaa la umeme lililoanza kuuzwa na kampuni ya Rickenbacker mwaka 1932 lilikuwa gitaa la mapajani, lililobuniwa kwa ajili ya mtindo huo huo. Waama, umeme uliingia katika gitaa kwa njia ya visiwa, kabla haujafika katika klabu za Chicago na London.

Ndani ya umbo hilo Leo aliweka mambo matatu yaliyokuja kuamua hatima yake. La kwanza, vinasa sauti vitatu badala ya viwili, na swichi ya kuchagua kimojawapo. La pili, mkono wa chuma uliofungwa kwenye daraja la nyuzi, na nyuma yake springi zilizokaa zikivutana na nyuzi sita. Mpigaji akiukandamiza mkono, nyuzi hulegea na sauti hushuka, akiuachia sauti hurejea. Leo aliuita mkono huo tremolo, jina lisilo sahihi, kwani tremolo ni kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti, si kwa kimo chake. Kosa likabaki, likawa jina. La tatu, shingo haikugundishwa kwa gundi kama desturi ya mafundi wa zamani, bali ilikazwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, huondolewa ikawekwa nyingine. Wapo mafundi walioona kwamba huo ni ujenzi wa makreti, si ufundi wa ala.

Bei yake, pamoja na mkono huo, ilikuwa dola 249.50. Haikuwa bei ya maskini, wala gitaa halikugombaniwa madukani. Mwaka 1958 kampuni yenyewe ilileta gitaa jingine, Jazzmaster, ikaliweka juu ya Stratocaster kwa bei na kwa heshima. Kwa kipimo cha waliolitengeneza, basi, Stratocaster lilikuwa hatua tu ya safari, wala si mwisho wake.

Waliolifikisha mbali walikuwa wengine. Wa mwanzo ni Buddy Holly, kijana mwembamba mwenye miwani kutoka Lubbock, Texas, aliyelionyesha kwenye televisheni ya Marekani na kwenye jalada la santuri yake ya mwaka 1957. Alikufa katika ajali ya ndege tarehe 3 Februari 1959, na umbo la gitaa hilo limechongwa kwenye jiwe la kaburi lake. Uingereza nayo, kwa uhaba wa dola baada ya Vita vya Pili, ilikuwa imezuia kuingizwa kwa ala kutoka Marekani. Vijana wa huko waliliona gitaa kwenye picha kabla ya kuligusa. Wakalitamani kama chombo kilichoshuka kutoka nyota nyingine. Mwaka 1959 mwimbaji Cliff Richard alimwagizia mpiga gitaa wake, Hank Marvin, Stratocaster moja jekundu. Mwaka uliofuata Marvin na wenziwe wa The Shadows walikuwa kileleni mwa chati za Uingereza kwa muziki usio na neno hata moja. Marufuku haikuua hamu, iliilea.

Januari 1965 Leo, akiwa mgonjwa na akidhani siku zake si nyingi, aliiuza kampuni kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapigaji wengi walilalamika kwamba kazi imeshuka ubora, na mnamo mwaka 1971 skrubu nne za shingo zikapunguzwa zikawa tatu. Lakini jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya tembo la maji ndipo gitaa lilipofika kilele cha utukufu wake, na aliyelifikisha ni Jimi Hendrix.

Hendrix alitumia mkono wa shoto. Alilichukua gitaa la watu wa mkono wa kulia, akaligeuza chini juu, akazipanga nyuzi upya, akalipiga hivyo hivyo. Pembe iliyokusudiwa kuwa juu ikawa chini, na vifungo vya sauti vikamkalia karibu na kiwiko. Ule mkono wa chuma, ambao Leo aliuweka ili mpigaji auteteshe wimbo kidogo mwishoni mwa mstari, Hendrix aliukandamiza mpaka nyuzi zikalegea zikawa kama kamba za nguo, akaurudisha, akaukandamiza tena. Agosti 1969, huko Woodstock, alipiga wimbo wa taifa la Marekani kwa Stratocaster jeupe, na kwa mkono huo akatoa milio ya mabomu na vilio vya watu, wakati vita vya Vietnam vikiwaka. Hakuna mchoro wowote wa Fullerton ulioonyesha kwamba gitaa lile lingeweza kulia namna hiyo.

Kisa cha swichi nacho kina mafunzo. Ilikuwa na vituo vitatu. Wapigaji waligundua kwamba ikisimamishwa kati ya kituo na kituo, vinasa sauti viwili hufanya kazi pamoja na kutoa sauti nyembamba yenye utamu wa pekee, kama mtu anayeimba huku kaziba pua. Swichi haikutaka kukaa hapo, basi wakaishikiza kwa vijiti vya kiberiti. Kampuni ilikuja kukubali mwaka 1977, ikaweka swichi ya vituo vitano. Miaka ishirini na tatu wapigaji walikuwa wakitumia kile ambacho fundi hakukiandika. Ndivyo pia kwa zile skrubu zilizodharauliwa: Eric Clapton alinunua Stratocaster kadhaa za zamani, akachukua sehemu bora za tatu kati ya hizo, akaunga gitaa moja jeusi alilolipiga kwa miaka mingi. Mwaka 2004 gitaa hilo la viungo vya kuazimana liliuzwa mnadani kwa dola 959,500.

Wapenzi wa ushairi hawatalishangaa jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilichukua shairi la mishororo minne akalishusha sokoni na bandarini, akalisemesha mapenzi, vita, njaa na masihara. Baada yake kila malenga ameingia katika nyumba hiyo hiyo, mizani kumi na sita kwa mshororo, na kila mmoja amepanga vyombo vyake. Hakuna aliyeulizwa kibali. Bahari ya shairi inaishi kwa sababu haina kufuli. Siku itakapopata mwenyewe ndiyo siku itakapokauka.

Kampuni ya Fender ilijaribu kutia kufuli. Iliomba umbo la Stratocaster lisajiliwe nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara. Mwaka 2009 baraza linalosikiliza mashauri hayo lilikataa. Mafundi wengine, wakiwemo wa Japani, walikuwa wameliiga umbo hilo kwa miongo mingi, na baraza likaona kwamba machoni pa watu halikuwa tena ishara ya kampuni moja. Limekuwa sura ya gitaa la umeme lenyewe. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara. Kwa msanii ni daraja ambalo wachache hulifikia: kazi yake kuenea mpaka ikaonekana kana kwamba haikutungwa na mtu.

Lakini daraja hilo lina ushuru wake, na aliyeulipa ni Leo. Hakufa kama alivyodhani. Alipona, akarudi kazini, na tangu mwaka 1980 hadi kifo chake tarehe 21 Machi 1991 alibuni magitaa katika kampuni iitwayo G&L, kwa herufi za kwanza za jina la mwenzake George Fullerton na lake. Kampuni hiyo haikuweza kuitwa Fender, kwa kuwa jina hilo alikwisha kuliuza pamoja na mashine na mbao. Aliamini kwamba magitaa hayo ya uzeeni yamelipita lile la mwaka 1954, na pengine kwa vipimo vya fundi alisema kweli. Walimwengu hawakumfuata. Walikuwa wamekwisha kuchagua, na waliendelea kulipiga lile la zamani, wakilikaza nyuzi kwa mkono ambao yeye hakuwa nao.