Sebule iliyojaa mayai

Huenda asubuhi ya leo umekaanga yai au jana jioni ulisimama kando ya barabara ukala mayai pasua na kachumbari. Je, umewahi kujiuliza yai hilo lingekwenda wapi kama hungelinunua? Mimi nimewahi, na jibu nililipata nikiwa na sare ya shule mwilini.

Ilikuwa Februari 2006, nikiwa kidato cha pili. Nilitumwa nyumbani kwa sababu ya karo, nikaelekea kwa shangazi yangu viungani mwa Thika. Shangazi alikuwa na kuku wa gredi 300 na ndio waliokuwa wakinisomesha. Siku njema walitaga trei nane. Nilipofungua mlango nilikuta sebule haina pa kukanyaga. Trei zilipangwa juu ya kochi, chini ya meza, mpaka karibu na kitanda. Nilihesabu trei 60, yaani mayai 1,800.

"Mwanangu, hakuna mnunuzi," aliniambia. "Watu wanasema kuku wana ugonjwa."

Mwezi huo homa ya ndege ilikuwa imegunduliwa Nigeria, mara ya kwanza barani Afrika. Hapa Kenya haikupatikana, lakini hofu haingoji cheti cha daktari. Tangu mwisho wa 2005 watu walikuwa wameanza kuogopa kuku na mayai. Mwenye pikapu aliyezoea kuja kila Jumanne hakuonekana tena.

Kuku nao hawajui habari za redio. Kuku wa kutaga hula takriban gramu 120 kwa siku, auzwe asiuzwe. Zidisha kwa 300, upate kilo 36, zaidi ya nusu ya gunia la kilo 70 kila kukicha. Ukimnyima chakula leo, kesho hatagi. Ukimlisha, yai litaharibika sebuleni. Shangazi alikuwa amekwama katikati.

Tulipakia trei kumi kwenye matatu tukaenda kwa mwoka mikate mmoja mjini. Njiani mengine yalipata nyufa. Mwoka mikate yule aliyatazama, akachukua mazima kwa bei ya kutupa na kuyakataa yaliyopasuka. Tulirudi kimya, mimi nikiwa nimebeba trei mapajani na ute ukichuruzika kwenye sketi yangu ya shule.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari katika kazi hii ya kalamu, ndipo nilipojifunza jinsi nchi nyingine zinavyotumia mayai ya aina hiyo. Nchini Marekani, takriban thuluthi moja ya mayai hayafiki dukani yakiwa na ganda. Hupelekwa kiwandani, yakaoshwa, yakamulikwa kwa taa kutafuta kasoro, kisha mashine huyapasua kwa maelfu. Kiini hutengwa na ute ikihitajika. Uji wake huchujwa, kisha hupashwa moto kwa nyuzi 60 za selsiasi kwa dakika tatu na nusu. Joto hilo huua viini vya salmonela, lakini halitoshi kuligandisha yai. Huko sheria ya 1970 ndiyo inayosimamia kazi hiyo.

Baada ya hapo uji huo hupozwa, hugandishwa kwa barafu au hukaushwa uwe unga. Waoka mikate, watengenezaji wa keki, biskuti na tambi hununua unga huo, ambao hukaa miezi mingi bila kuoza.

Sasa chukua kalamu, msomaji. Robo tatu ya yai bila ganda ni maji. Trei moja ya mayai ya gramu 60, ikikaushwa, hutoa unga wa kama gramu 400. Trei zote 60 za shangazi zingekuwa kilo 24 hivi. Sebule nzima ingeingia katika gunia moja dogo, likasubiri hofu ipite!

Sisemi viwanda huondoa kila shida. Kuanzia 2022 homa ya ndege iliua mamilioni ya kuku wa kutaga Marekani, na Machi 2025 dazani moja ya mayai ilipita dola 6. Kule shida ilikuwa uhaba, kwetu ilikuwa wingi usio na mnunuzi. Lakini mfugaji mwenye njia moja tu ya kuuza ni kama mtu anayesimama kwa mguu mmoja.

Shangazi aliuza kuku wake wote mwezi wa Machi kwa bei ya hasara. Nilirudi shuleni kwa pesa hizo, na wadogo zangu wawili wakachelewa muhula mzima. Banda lile sasa huwekwa kuni.

Leo vijana wengi mjini wanaanza kufuga kwa vizimba, wengine kwa mkopo. Ninawaomba kabla ya kununua vifaranga wajiulize watauzia nani shule zikifungwa, na nani tena uvumi ukizuka. Mfugaji mmoja hawezi kununua mashine ya kukausha mayai. Chama cha wafugaji mia mbili kinaweza angalau kubisha mlango wa mwenye uwezo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Shangazi angali hai, na bado hapendi kuona trei zimepangwa sebuleni. Nikimpelekea mayai, humpelekea sita tu.