Huyu Amorim angebadilika lini?

Wasee, Agosti 2025 ligi ilikuwa mechi mbili tu na mimi tayari nilikuwa na presha. Kuchapwa 1-0 na Arsenal, sawa. Sare ya 1-1 na Fulham, nimemeza. Lakini Grimsby? Timu ya daraja la nne! Sare 2-2, kisha tukatolewa kwa penalti 12-11.

Watu walimcheka Mbeumo kwa kugonga mwamba. Mimi penalti sina neno nazo. Kilichonitisha ni kumwona Ruben Amorim amekaa benchi, mechi ikiendelea, akisukuma vidude kwenye ubao wake. Kwa ubao, 3-4-3 ilikaa poa. Uwanjani, Bruno na Casemiro walibaki wawili pale katikati, wapinzani wakiwa watatu. Na Mainoo, kijana anayejua kutulia na mpira, hakupewa hata dakika moja kwenye hizo mechi mbili za ligi.

Mfumo huu ndio ulitumaliza msimu wa 2024/25: nafasi ya 15, pointi 42. Halafu tukanunua Cunha, Mbeumo na Šeško, wote washambuliaji, na shida ilikuwa kiungo!

Sikusema afutwe. Tangu Ferguson aondoke 2013 tulikuwa tumefuta makocha mpaka tumezoea, na bado tulikuwa hapa hapa. Nilitaka abaki, lakini abadilike. Kama Grimsby haikumfunza, nani angemfunza?

Jumamosi iliyofuata ilikuwa Burnley, Old Trafford. Nilikuwa kibandani kama kawaida, roho mkononi. Nyinyi mlionaje, alistahili kuendelea na 3-4-3 yake ama?