Bawabu wa Kiingereza

Kila chuo kina masharti yake, na mwenye nyumba ana haki ya kuchagua wageni. Hilo silipingi. Linaloniwasha ni sharti moja tu, lile la lugha ya kigeni. Hebu tulitazame pamoja, maana vijana wengi tumekwama hapo, na tunaambiwa ati tatizo ni vichwa vyetu.

Huko Marekani nako wanalo. Chuo Kikuu cha California humtaka mwombaji awe amesoma lugha isiyo Kiingereza kwa miaka 2 akiwa sekondari, na humshauri afikishe 3. Naielewa sababu yake: kijana aliyekulia ndani ya lugha moja afunguliwe dirisha la pili. Lakini hesabu, historia na baiolojia anaendelea kusoma kwa lugha ileile ya shule aliyoanza nayo. Dirisha linabaki dirisha, halimzuii kuingia ndani ya somo.

Kwetu Tanzania mambo yamepinduka. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Akiingia kidato cha kwanza, ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Shuleni kwetu mwalimu wa Kiingereza alikuwa mmoja kwa mikondo minne. Mwalimu wa baiolojia alitueleza kwa Kiswahili jinsi mizizi inavyonyonya maji, tukaelewa wote mpaka wa nyuma. Kisha akatuandikia notisi kwa Kiingereza, tukazikariri kama kasuku. Mtihani ulipokuja haukutuuliza tulichoelewa, ulituuliza tulichokariri.

Matokeo yangu yalikuwa hivi: Kiswahili B, Historia C, Uraia na Jiografia D, Kiingereza F. Niliomba nafasi chuo kimoja cha uandishi wa habari, jina nalihifadhi. Nilikwenda na bahasha yenye vyeti pamoja na sura tatu za riwaya yangu. Dada wa udahili akasoma ukurasa mmoja, akacheka palepale pa kuchekesha.

"Mdogo wangu, unaandika vizuri. Sasa Kiingereza kiko wapi?"

"Dada, habari si nitaandika kwa Kiswahili?"

"Utaandika kwa Kiswahili, ila utafundishwa kwa Kiingereza."

Nilibaki mdomo wazi. Redio anazosikiliza mama yangu zinasema Kiswahili. Magazeti yanayofungiwa maandazi mtaani kwetu ni ya Kiswahili. Kumbe wa kuyaandika lazima kwanza apitie kwa bawabu asiyejua Kiswahili!

Wala mjadala huu si mpya. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikifungulia tena mlango Kiswahili. La kwanza lilikuja sijazaliwa. La pili lilinikuta shule ya msingi. Nimemaliza kidato cha nne, na mtihani wangu ulikuwa wa Kiingereza.

Mama huniambia, "Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Kweli. Sikichukii Kiingereza, kina vitabu vingi ninavyovitamani. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika (1971) kwa Kiswahili, na mwaka 1985 akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa tasnifu ya Kiingereza. Lugha moja haikumuua mwenzake. Kuinama basi si tatizo. Tatizo ni kuambiwa uiname kwenye mvungu uliozibwa kwa matofali.

Kwa maoni yangu sharti la haki ni lile lenye mwalimu nyuma yake. Ukinitaka Kiingereza, nifundishe Kiingereza, tena kwa mtu anayekijua na darasa linalohesabika. Chuo kinachoandaa watu wa kufanya kazi kwa Kiswahili kiwapime kwa Kiswahili mlangoni, halafu kiwape Kiingereza ndani, mwaka wa kwanza, kama chombo cha kazi. Hapo atakayeshindwa tutajua ameshindwa nini. Kwa sasa hatujui. Mwanafunzi mwenye F ya Historia huenda anaijua Vita vya Maji Maji kuliko aliyemsahihishia, ila hakuwa na maneno ya kuisimulia.

Nimejiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama anauza machungwa stendi ya Muheza, na katika shilingi hizo hutoa ada ya tuisheni. Asubuhi nakariri vitenzi vya Kiingereza, usiku nawasha taa na kuendelea na riwaya. Nimefika sura ya tisa. Shujaa wangu ni msichana wa kijijini, anasema Kiswahili tupu, na hakuna mtu katika kitabu kile anayethubutu kumwita mjinga.